DAWA IPO, LAKINI IMEMFIKIA MGONJWA? Ubia wa tiba ya malaria bonde la Kilombero, toka mwanzo hadi leo



Hapa Ifakara mjini kila baada ya muda utakuta bango limetundikwa nje ya ukumbi: KIKAO CHA WADAU. Watu wanaingia, wanasaini, wanapewa soda na nauli, wanatoka. Ukiuliza mtaani "ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi" ndio nini, majibu ni mawili. Wengine watakwambia ni ulaji, wengine ni mambo ya wazungu. Mimi ni mkazi wa hapa hapa na nimeona niikusanye mada hii sehemu moja, kwa sababu bonde letu limekuwa darasa la dunia kwenye jambo hili kwa miaka mingi na wenyewe tulioko darasani hatulijui vizuri. Kama muda wako wa kafe unaisha, kopi weka kwenye flashi usome baadaye. Ni ndefu kidogo.

Hoja yangu naitaja mapema ili usinitafute katikati ya maelezo. Dawa nzuri ya malaria ipo duniani. Lakini mpaka imfikie mtoto mwenye homa kule Mngeta, kwa wakati, kwa dozi kamili, inapita mikono mingi sana: kiwanda, mnunuzi, bohari, wilaya, zahanati, duka, mama. Hakuna mtu mmoja anayeshika mnyororo wote huo. Ubia unafanya kazi pale kila pete ya mnyororo inapokuwa na mwenyewe anayejulikana, na unakufa pale kila mmoja anapodhani mwenzake ndiye anashika.

MANENO KWANZA

Ubia: serikali, kampuni, taasisi ya dini, chuo cha utafiti au shirika vinakubaliana kufanya kazi moja, kila mmoja akileta alichonacho. Serikali ina sheria, ina zahanati na ina wafanyakazi. Kampuni ina bidhaa, mtaji na mbinu za kuuza. Watafiti wana vipimo na takwimu. Ubia si msaada, maana kwenye ubia kila mmoja anatarajia kupata kitu.

Mdau: yeyote ambaye jambo likiharibika litamgusa. Mganga Mkuu wa Wilaya ni mdau, muuza duka la dawa ni mdau, na mama aliyebebeshwa mtoto mwenye homa usiku ni mdau kuliko wote, ingawa huyo ndiye huwa haonekani kwenye orodha ya kusaini.

Matumizi ya tiba: dawa kuingia mdomoni kama ilivyokusudiwa. Dawa ikiwa kwenye kabati la zahanati bado haijatumika. Vidonge vinne vilivyobaki kwenye mfuko wa suruali navyo havijatumika.

HESABU YA 2004

Twende kwenye namba. Mwaka 2004 watafiti wa Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, walifuatilia watu waliougua homa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Walitaka kujua jambo dogo tu: ukiugua, unapata dawa gani, lini na kiasi gani?

Zaidi ya wanane kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa wamepata dawa mojawapo ya malaria iliyopendekezwa. Ukiishia hapo utasema hongera, kazi imeisha. Lakini walipohesabu waliopata dawa sahihi, kwa haraka na kwa dozi inayotakiwa, watoto walibaki kama 22 kati ya 100, na watu wazima kama 10 kati ya 100.

Rudia kusoma hapo. Watu dawa wamepata, ila matibabu hawajapata! Huyu alichelewa siku tatu, yule alipewa nusu, mwingine alipewa kidonge kisichomtosha kwa uzito wake. Huko ndiko watoto walikokuwa wanapotelea.

Watafiti wale wakagawa tatizo katika maswali matano, na mimi nayapenda kwa sababu unaweza kuyatumia hata kwa ARV, dawa za kifua kikuu au presha:

1. Je, ipo? Dawa na mhudumu wapo kituoni?
2. Je, inafikika? Umbali, barabara, mto, muda.
3. Je, unaimudu? Bei ya dawa, nauli, na siku ya kazi uliyopoteza.
4. Je, huduma inakufaa? Saa za kufungua, foleni, lugha ya nesi.
5. Je, unaikubali? Unaamini kwamba dawa ile ndiyo tiba ya ugonjwa ule?

Swali la tano watu wa mjini hulidharau. Lakini kwenye familia nyingi huku degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, wenye uhusiano na pepo, na wala si malaria kali iliyopanda kichwani. Mtu anayeamini hivyo hata ukimjengea zahanati mlangoni, kwanza atampeleka mtoto kwa mganga. Sasa hapo kiwanda cha dawa kitafanya nini peke yake?

Na swali la pili nalo, aliyewahi kuvuka Kivukoni kwa pantoni kwenda upande wa Ulanga anajua ninachosema. Daraja la Kilombero limezinduliwa 2018. Kabla ya hapo mgonjwa alisubiri kivuko, na mto ukifura alisubiri na kuomba Mungu. Halafu kuna msimu wa mpunga, familia nzima inahamia shamba kwa miezi, mbali na zahanati yoyote.

MIRADI KWA MPANGILIO WA MIAKA

Mwaka 1949: Basel inafika Ifakara

Profesa Rudolf Geigy wa taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel alifika Ifakara mwaka 1949. Wamisionari Wakapuchini walikuwepo tayari na huduma ya hospitali ilikuwepo. Mwaka 1957 ikaanzishwa maabara ya utafiti, na 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini kwa msaada wa makampuni ya kemikali ya Basel. Maabara ile ndiyo iliyokua mpaka kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, jina inalotumia tangu 2008. Na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mali ya kanisa, kwa miaka mingi ilitumika kama hospitali teule ya wilaya. Yaani jengo la kanisa, kazi ya serikali. Kwa hiyo anayekwambia ubia ni kitu kipya huku, mwambie asome historia.

Mwaka 1996: KINET na chandarua cha "Zuia Mbu"

Chandarua si dawa ya kumeza, lakini huu mradi ndio uliofundisha wengine. KINET ilianza 1996 katika Kilombero na Ulanga kwa fedha za Uswisi. Badala ya kugawa bure, waliamua kuuza chandarua na dawa yake kama unavyouza soda au sabuni, kwa jina la biashara "Zuia Mbu", kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Kabla ya kuuza waliuliza wateja wanataka nini. Watu wakasema rangi nyeupe inachafuka haraka, wanataka rangi nzito. Basi kikaletwa cha kijani kibichi iliyokolea.

Wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa kliniki karatasi ya kupunguziwa bei dukani, hati punguzo. Wazo hilo lilizaliwa hapa, na mwaka 2004 likawa mpango wa taifa ambao ulikwenda hadi 2014. Wengi wenu mnaosoma mlilala utotoni kwenye chandarua cha hati punguzo bila kujua historia yake.

Matokeo? Watoto wachanga waliolala kwenye chandarua chenye dawa walipanda kutoka chini ya 10 kati ya 100 hadi zaidi ya 50 ndani ya miaka mitatu. Na utafiti uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, kutumia chandarua hicho kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Miaka iliyofuata watafiti walipowafuata wakulima mashambani, kwenye madungu ya mpunga, walikuta karibu wote wanalala ndani ya chandarua. Mtu anayehama na godoro na sufuria akakumbuka na chandarua, ujue somo limeingia.

Mwaka 2003: ACCESS

KINET ilishughulikia kinga. Kwenye tiba ukaja mpango wa ACCESS, ulioanza 2003 kwa wilaya zile zile mbili. Fedha zilitoka mfuko wa maendeleo wa kampuni ya dawa ya Novartis, wataalamu walitoka Ifakara na Basel, na utekelezaji ulikwenda pamoja na halmashauri. Hesabu ile ya 2004 niliyoitaja juu ni ya kwao.

Walishika pete tatu kwa mpigo. Kwanza wananchi: maonyesho ya vijijini yenye dansi, maigizo na filamu za kuchekesha, ujumbe ukiwa ni homa ya mtoto usiilaze, na degedege ni malaria. Pili vituo vya afya: mafunzo kwa wahudumu na usimamizi wa ubora. Tatu maduka ya dawa, maana hata ukiwalaumu vipi, watu wengi wakiumwa wanakimbilia dukani kwanza. Duka liko karibu, linafunguliwa usiku, na muuzaji anakukopesha.

Katikati ya mradi dawa yenyewe ikabadilika. Tanzania ilikuwa imeacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea, ikaingia SP, ambayo wengi mnaijua kama Fansidar. SP nayo ikachoka. Mwishoni mwa 2006 ikaanza kuingia dawa mseto, ALu, inayotumika mpaka leo.

Maduka ya Dawa Muhimu, DLDM

Zamani kulikuwa na "duka la dawa baridi". Kisheria liuze dawa chache za kawaida, ila wateja walitaka dawa za malaria na za vidonda, hivyo zikauzwa chini ya meza na mtu asiye na mafunzo. Serikali ilikuwa na njia mbili: kufunga yote au kuyafundisha. Mwaka 2003 ilianza kuyafundisha mkoani Ruvuma, kwa ushirikiano na shirika la Marekani la MSH na fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. Muuzaji anasoma, mwenye duka anakaguliwa, kisha anapewa leseni na bango la Duka la Dawa Muhimu pamoja na orodha ndefu zaidi ya dawa anazoruhusiwa. Baada ya Ruvuma mpango ukaenea mikoa mingine, Morogoro ikiwemo, na hatimaye nchi nzima.

Angalia ujanja wake. Hakuna aliyemlazimisha mwenye duka kwa kiboko. Alipewa kitu anachokitaka, yaani biashara halali na wateja zaidi, naye akatoa kitu ambacho serikali inakitaka, kukubali kukaguliwa na kuuza dozi kamili. Uganda nao wakaja kuuiga mfumo huu.

Mwaka 2009: kidonge cha mtoto

Hiki kisa kidogo lakini kina uzito. ALu ya mwanzo ilikuwa kidonge kikubwa na kichungu. Mama anakisaga kwa kijiko, anachanganya na maji, mtoto anatema nusu. Dozi imekwisha, malaria haijaisha. Novartis na shirika lisilo la faida la MMV wakatengeneza kidonge kinachoyeyuka kwenye maji kidogo, chenye ladha tamu ya cheri. Kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano za Afrika: Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Mwandishi wa kwanza wa ripoti ile ya 2008 alikuwa Mtanzania, Dk. Salim Abdulla wa Ifakara. Kikaonekana kinaponyesha sawasawa na kile cha kusaga, na 2009 kikaingia sokoni. Mwaka 2025 Uswisi imeidhinisha pia toleo la watoto wachanga wenye uzito wa chini zaidi, ambao miaka yote hawakuwa na kipimo chao.

Somo: mama kulalamika kwamba mtoto anatema ni taarifa ya kitaalamu. Mtu aliyeisikiliza taarifa hiyo akatengeneza dawa bora.

Mwaka 2009 hadi 2010: SMS for Life, upande wa pili wa mto

Huu kwa vijana wa teknolojia ndio mtamu. Tatizo lilikuwa hivi: zahanati inaishiwa dawa mseto, wilaya haijui mpaka ripoti ya karatasi ifike, huku zahanati nyingine ya jirani ina maboksi yanayokaribia kuisha muda. Serikali, Novartis, IBM, Vodafone na ushirika wa kimataifa wa kupambana na malaria wakachagua wilaya tatu: Ulanga, Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini. Ulanga ya wakati ule ilijumuisha na Malinyi.

Kazi yenyewe ilitumia simu ya kawaida ya tochi. Kila wiki mhudumu wa zahanati alipokea meseji ya kumuuliza ana stoki kiasi gani ya paketi nne za ALu na kwinini ya sindano. Anahesabu, anajibu kwa meseji ya bure. Akijibu kwa wakati anarushiwa muda wa maongezi. Namba zinaingia kwenye tovuti, Mganga Mkuu wa Wilaya anafungua na kuona nani ana nini, anahamisha dawa.

Jaribio lilichukua wiki 21, vituo 129. Vituo vilijibu kwa wastani wa asilimia 95. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa vilikuwa asilimia 78 wiki ya kwanza, vikashuka hadi 26 wiki ya mwisho. Lindi Vijijini upungufu uliisha kabisa kufikia wiki ya nane. Baadaye mfumo ukapelekwa nchi nzima.

Hakuna aliyejenga ghala jipya. Walichofanya ni kumwezesha mtu wa zahanati asikike wilayani kila wiki, na wilayani akawepo mtu ambaye ni kazi yake kusikia.

Mwaka 2007 hadi 2012: ruzuku ya juu

Dukani mseto ilikuwa ghali mno, mtu anachagua dawa ya zamani ya bei chee isiyoponyesha. Mwaka 2007 kulifanyika jaribio Maswa na Kongwa: ruzuku iliwekwa juu kabisa, kwa muuzaji wa jumla, kisha biashara ikaachwa itiririke yenyewe. Wateja walionunua mseto walipanda kutoka asilimia 1 hadi 44. Ndipo mfuko mkubwa wa kimataifa, AMFm, ukajaribu jambo hilo kwa nchi nzima kadhaa, Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda zikiwemo. Mnakumbuka paketi zenye alama ya jani la kijani? Ndizo hizo.

Tangu 2014: Mshitiri

Bohari ya Dawa ya serikali (MSD) ikisema "hatuna", zahanati ifanye nini? Dodoma ilianza 2014 utaratibu wa kuchagua kwa zabuni msambazaji binafsi mmoja wa mkoa, bei zikajulikana mapema, na vituo vyote vinanunua kwake kile tu ambacho bohari imekosa. Unaitwa mfumo wa Mshitiri, au Jazia. Ulipofanikiwa ukapanuliwa, na 2018 ukawa wa nchi nzima.

NANI ANAPATA NINI?

Msinielewe vibaya, mimi si mpiga debe wa kampuni yoyote. Novartis ndiyo watengenezaji wa Coartem, ambayo ndiyo ALu ya kwanza. Mwaka 2001 walikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza kwa sekta ya umma bila faida, na hilo ni jema. Lakini kampuni inayofadhili mradi wa tiba huku ikiuza dawa ya tiba hiyo hiyo ina maslahi, na lazima yasemwe hadharani. Kampuni za simu na kompyuta zilipata uwanja wa kujaribia mifumo yao. Watafiti walipata machapisho. Mwenye duka anapata faida.

Mimi sioni ubaya wa hilo. Mbia asiye na maslahi anaondoka akichoka. Ubaya unaanza maslahi yanapofichwa, au pale anayebeba hasara ni mwananchi peke yake. Kwa hiyo kwenye kikao chochote cha wadau, swali la kwanza liwe: wewe unapata nini hapa?

PALE UBIA ULIPOPWAYA

La kwanza, kipimo. Ruzuku ya AMFm ilishusha bei na kujaza maduka, lakini dukani hapakuwa na kipimo. Mtu ana homa ya mafua au ya mkojo, ananunua mseto. Ugonjwa wake halisi unaendelea. Kituo cha afya kikapata kipimo cha haraka cha malaria (mRDT), duka likabaki na kubahatisha.

La pili, mwisho wa fedha. Mradi una tarehe ya kufa toka siku ya kuzaliwa. AMFm ilikuwa jaribio, muda wake ukaisha na ruzuku ile ikapungua. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na shirika la USAID, lililokuwa mbia mkubwa wa malaria nchini, likafungwa mwaka huo huo. Pete iliyoshikwa na mgeni peke yake ikaachiwa ghafla.

La tatu, meseji haizai dawa. SMS for Life ilionyesha kabati tupu na kusaidia kugawana kilichopo. Kama bohari yenyewe haina kitu, unabaki na taarifa nzuri kuhusu shida.

La nne, mama kutoitwa. Pale alipoulizwa, kwenye rangi ya chandarua na ladha ya kidonge, kitu kilitumika. Jiulize mwenyewe ni vikao vingapi vimefanyika bila kumuuliza.

KWA NINI TUJALI SASA HIVI

Kwa sababu dawa mseto nayo imeanza kupata upinzani. Mkoani Kagera watafiti wa Tanzania wameripoti vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayovifanya visife haraka kwa artemisinin, ile sehemu ya mseto inayoshambulia kwanza. Taarifa hiyo ilichapishwa 2024. Rwanda na Uganda nako yameonekana mabadiliko ya namna hiyo. Dawa bado inaponyesha, msiogope mkaacha kunywa. Ila tulishaona klorokwini inakufa, tukaona SP inakufa, na nyuma ya mseto hakuna foleni ndefu ya dawa mpya. Kila dozi inayokatwa nusu ni nafasi ya kimelea kujifunza.

Jirani yangu hapa mtaani alikuwa na kawaida ya kugawa paketi moja kwa watoto wawili "wote wapone". Si ujinga, ni umaskini pamoja na kutoelezwa. Mtu wa kumweleza alikuwa yule aliyemuuzia.

MAMBO YA KUSHIKA

Haya yaandike pembeni:

1. Pima kwanza. Homa si lazima iwe malaria. Nenda kituo chenye mRDT au hadubini.
2. Dozi ya ALu inafuata uzito, inanywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni vidonge 6 kwa jumla, chini ya 25 ni 12, chini ya 35 ni 18, kuanzia 35 ni 24. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza. Kunywa na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Mhudumu akikupa maelekezo tofauti kwa hali yako, mfuate yeye.
3. Degedege, kutapika kila kitu, kuzimia au kushindwa kunyonya: usiende dukani, nenda hospitali muda huo huo.
4. Dukani tafuta bango na leseni ya DLDM au famasi. Kataa kukatiwa vidonge.
5. Mtoto chini ya miaka 5 na mjamzito, kwa sera ya nchi, wamesamehewa malipo kwenye vituo vya serikali. Ukiambiwa dawa hakuna, uliza kama imeagizwa kwa Mshitiri.
6. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mjue mjumbe wa kamati yako kwa jina. Muulize: dawa zimepokelewa lini, na nani alishuhudia?

Hilo la sita ndilo naona vijana tunalikwepa. Tunajua wafungaji wote wa ligi ya Uingereza ila hatujui nani anasaini kupokea dawa za zahanati ya kijiji chetu. Ubia wa Basel, wa London au wa Dodoma unaishia kwenye ile saini, na hiyo pete ya mwisho haina mgeni wa kuja kuishika.

Mlioko Mlimba, Malinyi, Mahenge, Mang'ula na kwingineko, hebu tupieni maoni hapo chini: kwenu mseto inapatikana? Kamati mnaijua? Msitaje majina ya watu, tajeni hali ilivyo. Na kama una ndugu mwenye duka la dawa, mtumie mada hii, naye ni mdau.

Nawasilisha.